Nani Hulipa, Nani Hupokea: Hesabu ya Kodi na Huduma katika Mwambao wa Ziwa Mweru



Nimeombwa nizungumzie uwiano kati ya kodi zinazolipwa na huduma zinazopokewa katika mikoa ya nchi zetu. Mada hii yaweza kuzungumzwa kwa majedwali kutwa nzima, na jioni kila mtu akaondoka na msimamo aliokuja nao asubuhi. Ndiyo maana nimechagua kusimama mahali pamoja, wilaya ya Nchelenge katika mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia, nitazame kutoka hapo.

Kila bajeti inapojadiliwa, katika nchi yoyote ya ukanda wetu, hutokea mtu akasema kwamba mikoa fulani inabeba nchi na mikoa mingine inabebwa. Luapula huwekwa kundi la wanaobebwa. Hoja yangu leo ni kwamba hesabu hiyo imeandikwa vibaya upande wa mapato, imeandikwa vibaya zaidi upande wa matumizi, na hata ingeandikwa sawasawa isingefaa kuwa kipimo cha haki ya raia.

Mahali penyewe

Ziwa Mweru lina ukubwa wa kilomita za mraba 5,000 na zaidi kidogo. Mto Luapula unaingia kwa kusini, na maji yanatoka kaskazini, penye mji wa Pweto, kwa Mto Luvua unaokwenda kuungana na Kongo. Mpaka wa Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo umepita katikati ya maji. Kwenye ufuko wa mashariki ndiko iliko Nchelenge, ikiungana na Kashikishi, penye soko la samaki na Hospitali ya Misheni ya St. Paul's. Kaskazini ni wilaya ya Chienge. Kusini ni Mwansabombwe, makao ya Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda. Ziwani kuna visiwa vinavyokaliwa na watu, kikubwa kikiwa Kilwa, na humo wamo raia wa Zambia ambao daktari, karani wa halmashauri na sanduku la kura huwafikia kwa boti.

Uchumi wa mwambao ni samaki. Kuna chisense, dagaa wa ziwa hili, wanaovuliwa usiku kwa taa na kuanikwa juani. Kuna pale, jamii ya perege. Mzigo huo unapanda malori kwenda Mansa, Copperbelt na Lusaka, na mwingine unavuka mpaka kwenda Lubumbashi. Kando ya ziwa watu husema Chibemba, na Kiswahili hukisikia kwa wachuuzi wanaotoka Katanga, upande wa Kongo.

Utafiti wa hali ya maisha uliofanywa na serikali ya Zambia mwaka 2015 ulikuta kwamba watu 81.1 katika kila 100 wa Luapula walikuwa chini ya mstari wa umaskini. Lusaka walikuwa 20.2. Kwa tofauti hiyo, mtu anayetazama haraka huona kesi imekwisha, kwamba maskini halipi kodi, basi anabebwa. Tusikubali haraka hiyo. Tuanzie kodi ilikoanzia.

Kodi ilitangulia, huduma zikafuata kwa mbali

Kabla ya wakoloni palikuwa na mapatano. Wazee wa Luapula husimulia habari za Nachituti, mwanamke wa Washila, ambaye mwanawe aliuawa na Nkuba, kaka yake mwenyewe. Alikwenda kwa Kazembe kuomba haki. Kazembe akamwua Nkuba, na Nachituti akamkabidhi nchi na maji. Tangu hapo wenyeji wa maziwa na mabwawa walipeleka kwa Mwata sehemu ya samaki na mavuno, na Mwata akawapa ulinzi na hukumu, na mengi ya aliyopokea yakarudi kuliwa na watu katika makao yake. Sisemi utawala ule ulikuwa wa haki kwa wote. Nasema masharti yake yalijulikana na kila upande, na anayetoa alijua anatolea nini.

Mwaka 1899 Waingereza walipeleka jeshi, wakachoma mji mkuu wa Kazembe. Kilichofuata ni kodi ya nyumba, iliyokusanywa na kampuni, British South Africa Company, maana nchi hii haikutawaliwa moja kwa moja na serikali ya Uingereza hadi mwaka 1924. Kodi ilitakiwa kwa sarafu, na sarafu haikuwepo ziwani. Ilikuwepo Katanga, kwenye migodi ya Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka 1906. Kampuni ya wakala Robert Williams iliandikisha vijana wa bonde la Luapula kwenda kuchimba huko hadi mwanzoni mwa miaka ya 1930. Kijana aliacha nyavu, akatembea, akafanya kazi chini ya bendera ya Ubelgiji, akarudi na shilingi za kumlipa Mwingereza.

Huduma zilikuwa nini? Shule ya kwanza ya bweni ya wasichana katika eneo lile, iliyofunguliwa na Mabel Shaw mwaka 1915 huko Mbereshi, ilikuwa ya London Missionary Society. Kampuni iliyokuwa ikikusanya kodi haikuijenga. Hali kadhalika hospitali: mpaka leo mgonjwa mahututi wa Nchelenge hukimbizwa kwenye hospitali iliyoanzishwa na kanisa. Serikali huru imechukua sehemu kubwa ya gharama zake, na kwa hilo inastahili sifa. Lakini mkondo uliochimbwa na ukoloni, wa fedha kutoka na huduma kuachiwa wenye huruma, haukufukiwa siku bendera ilipopandishwa.

Zambia yenyewe ilizaliwa ndani ya malalamiko haya haya. Kuanzia 1953 hadi 1963 nchi hiyo, wakati ule ikiitwa Rhodesia ya Kaskazini, iliunganishwa katika shirikisho na Rhodesia ya Kusini na Nyasaland. Shaba ilichimbwa kaskazini, makao makuu yakawa Salisbury, kusini. Bwawa la Kariba lilipojengwa mpakani, mtambo wa umeme uliotangulia uliwekwa ukingo wa kusini, na ukingo wa kaskazini ukangoja hadi miaka ya 1970. Chuo kikuu kikajengwa Salisbury. Mrabaha wa madini nao ulikuwa mali ya British South Africa Company mpaka mkesha wa uhuru, Oktoba 1964. Wapigania uhuru walisimama majukwaani wakauliza: shaba yetu inajenga kwa nani? Lilikuwa swali la haki. Nchi iliyouliza swali hilo mbele ya Salisbury na London haiwezi kulikasirikia likiulizwa mbele ya Lusaka na mvuvi wa Kashikishi.

Upande wa mapato: kodi huandikwa isikolipwa

Sasa tufungue daftari la leo. Mamlaka ya Mapato ya Zambia, iliyoanza kazi mwaka 1994, hukusanya kodi kubwa za aina chache: kodi ya mishahara, kodi ya makampuni, mrabaha wa madini, ushuru wa forodha na wa bidhaa, na VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ambayo ilianza mwaka 1995 na sasa ni asilimia 16. Kila kodi ina mahali inapoandikwa na ina mtu anayeumia nayo. Mara nyingi hivyo viwili haviko pamoja.

Mchukueni mvuvi wa chisense. Anahitaji petroli ya injini, betri au taa ya sola, sabuni, sukari, vocha ya simu ya kuulizia bei ya samaki mjini Kitwe. Sehemu kubwa ya bidhaa za viwandani imeingia Zambia kwa Nakonde kutoka Tanzania au kwa Chirundu kutoka Zimbabwe. Forodha yake imeandikwa huko. VAT ya kampuni ya simu na ya muuza jumla imeandikwa Lusaka au Ndola. Bidhaa inayouzwa kwacha 116 dukani Kashikishi ina kwacha 16 za serikali, na aliyezitoa mfukoni ni mvuvi, lakini hakuna daftari linalosema Nchelenge imelipa.

Kuna jambo zito zaidi ya hilo. VAT imeundwa hivi kwamba mfanyabiashara aliyesajiliwa hudai kurudishiwa kodi aliyolipa kwenye vifaa vyake. Kampuni ya madini inayouza shaba nje hutozwa asilimia sifuri kwenye mauzo, kisha hudai kurudishiwa VAT ya manunuzi yake yote. Mabishano juu ya marejesho hayo yaliitikisa serikali: kanuni ya 18 ya VAT ilizuia malipo ya mamia ya mamilioni ya dola kwa migodi mnamo 2013 hadi 2015, na kwenye bajeti ya 2019 serikali ilitaka kuifuta VAT yenyewe na kuweka kodi ya mauzo, kisha ikaghairi mwezi Septemba mwaka huo. Mvuvi hayumo katika mabishano hayo. Mauzo yake ni madogo, hakusajiliwa, hana pa kudai. Kodi iliyokuwa ndani ya petroli na injini yake imebaki kwake moja kwa moja, na akitaka kuipandisha kwenye bei ya dagaa, mnunuzi wa jumla aliyesimama ufukweni na lori lake ndiye mwenye kauli ya mwisho. Anayedaiwa kuwa halipi kodi ni miongoni mwa wasioweza kurudishiwa hata ngwee moja.

Walimu na wauguzi wa wilaya nao hukatwa kodi kwenye mishahara, lakini mishahara ya watumishi wa umma huandaliwa katika mfumo mmoja wa taifa. Jasho ni la kisiwani Kilwa, kumbukumbu ziko makao makuu.

Halafu kuna ushuru wa karibu zaidi, ule wa halmashauri: ushuru wa samaki, ada ya meza sokoni, leseni za biashara. Huu watu wanauona kwa macho, na ndio unaozusha ugomvi mwingi kuliko kiasi chake, kwa sababu mama anayeutoa kila siku ya soko anasimama palepale kando ya choo kibovu na mtaro uliojaa. Kodi ndogo inayoonekana huumiza imani kuliko kodi kubwa iliyofichwa ndani ya sabuni.

Mwisho kuna mchango usioingia daftari lolote. Kila mwaka kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa ili samaki wazaane. Ni sheria njema, na historia inaihalalisha. Samaki aitwaye mpumbu, jamii ya ningu, alijaa Luapula mpaka miaka ya 1940, ndipo nyavu zilipomngojea mtoni wakati wa kupanda kutaga, ili kulisha wafanyakazi wa migodi ya Katanga na Copperbelt, na akatoweka kiasi cha kutorudi kama zamani. Hata hivyo tuseme ukweli: miezi hiyo mitatu kaya za mwambao zinaacha kipato chao kwa faida ya taifa zima na ya vizazi vijavyo, na hakuna anayewapa risiti. Tukiongeza kijana aliyelelewa na kusomeshwa Nchelenge akaenda kufanya kazi Kitwe, kodi yake ikahesabiwa sifa ya Kitwe, tutaona kwamba safu ya mapato ya Luapula katika majedwali yetu ina mashimo mengi.

Upande wa matumizi: fedha iliyotoka haijawa huduma iliyofika

Serikali hueleza matumizi kwa kwacha. Mwananchi hupokea muuguzi, dawa, dawati na maji. Kati ya hivyo viwili pana barabara, na kwa Nchelenge pana pia mawimbi.

Lusaka iko mbali, karibu kilomita 1,000 kwa barabara ya Serenje. Njia fupi ya kutoka Copperbelt hukatiza ardhi ya Kongo, kwa sababu ya mpaka waliokubaliana Waingereza na Mfalme Leopold wa Ubelgiji mwaka 1894, na kivuko chake cha Chembe kilipata daraja mwaka 2008 tu, daraja linaloitwa kwa jina la Rais Levy Mwanawasa. Kila sanduku la dawa linalopita umbali huo hugharimu zaidi. Likifika gatini linahitaji boti, petroli na hali ya hewa nzuri ili lifike kisiwani. Kwacha 1,000 za afya katikati ya Lusaka na kwacha 1,000 za afya kisiwani Kilwa zinaandikwa sawa kwenye bajeti, ila si huduma sawa.

Na mahitaji yenyewe hayalingani. Nchelenge ni miongoni mwa mahali penye malaria nyingi zaidi Zambia, na maambukizi hayakomi mwaka mzima. Watafiti wa Tropical Diseases Research Centre ya Ndola na wenzao wamefanya kazi hapo kwa miaka mingi, na katika baadhi ya vipimo vyao karibu nusu ya watoto walikutwa na vimelea. Kipindupindu nacho kimepiga hodi kwenye kambi za wavuvi zaidi ya mara moja. Mtu akisema mwambao unatumia fedha nyingi za afya, anasema kwamba una wagonjwa wengi. Hiyo ndiyo maana ya kuwa na wizara ya afya.

Tena kuna mzigo ambao wilaya imeubeba kwa niaba ya taifa. Kuanzia Agosti 2017 maelfu ya Wakongo walivuka kukimbia mapigano, wakapokewa Kenani, na mwanzoni mwa 2018 yakafunguliwa makazi ya Mantapala, hapo hapo wilayani. Wenyeji wamegawana nao ardhi, kuni, shule na zahanati. Mashirika ya kimataifa yamesaidia, na bado ukarimu huo ni huduma ambayo Nchelenge imeitoa kwa Zambia nzima, kwa sababu wajibu wa kupokea wakimbizi umetiwa saini na nchi, haukutiwa saini na wilaya.

Tuwe waadilifu na kwa upande wa serikali. Mabadiliko makubwa yamekuja tangu 2022. Elimu ya shule za umma imefanywa bure mpaka mwisho wa sekondari. Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo, uliokuwa kwacha milioni 1.6 kwa kila jimbo la uchaguzi mwaka 2021, ulipandishwa hadi milioni 25.7 mwaka uliofuata, na kwa mwaka 2025 ukafika milioni 36.1. Kwa mara ya kwanza madawati, madarasa, wodi za wazazi, mikopo ya vikundi na karo za bweni vinaamuliwa kwa kuanzia kwenye kamati za kata. Nawapongeza walioamua hivyo.

Lakini tazameni mambo mawili. La kwanza, milioni 36.1 kwa majimbo 156 ya wakati huo ni kama bilioni 5.6, na bajeti nzima ya mwaka huo ilikuwa bilioni 217.1. Hiyo haifiki asilimia 3. Sehemu iliyobaki bado inaamuliwa Lusaka, na humo ndimo mlimo barabara kuu, hospitali za rufaa na umeme. La pili, kila jimbo linapewa sawa. Jimbo la mjini linaloweza kuzungukwa kwa saa moja linapewa kiasi kile kile cha jimbo lenye visiwa. Saruji ileile inanunuliwa, kisha moja inashushwa kwenye lori na nyingine inapakiwa kwenye boti. Usawa wa tarakimu umezaa tofauti ya madarasa. Katiba iliyorekebishwa mwaka 2016 ilianzisha pia Mfuko wa Usawazishaji wa Serikali za Mitaa, na jina lake linaahidi tiba ya ugonjwa huu, lakini halmashauri maskini hulazimika kutumia sehemu kubwa ya ruzuku hiyo kulipa mishahara, na kidogo ndicho kinachobaki cha kusawazishia.

Majirani wamejaribu nini

Ng'ambo ya ziwa, Katanga, hoja ya kwamba kila mkoa urudishiwe ulicholipa ilifikishwa mwisho wake. Chama cha CONAKAT kililalamika miaka ya mwisho ya ukoloni kwamba Katanga inatoa sehemu kubwa mno ya mapato ya Kongo na kurudishiwa kidogo. Tarehe 11 Julai 1960 kiongozi wake, Moïse Tshombe, akatangaza kujitenga. Kodi za Union Minière zikaingia hazina ya Katanga huko Elisabethville badala ya hazina ya taifa huko Léopoldville. Januari 1963 majeshi ya Umoja wa Mataifa yalikuwa yamemaliza jambo hilo, baada ya damu nyingi. Malalamiko yalikuwa na chembe ya kweli. Dawa yake iliua wagonjwa.

Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 ilijaribu njia ya amani: asilimia 40 ya mapato ya kitaifa yanayopatikana mkoani ibaki huko huko, na asilimia 10 ya mapato ya taifa iende kwenye mfuko wa kusawazisha mikoa. Kwa vitendo Kinshasa iliendelea kukusanya yote kwanza na kurudisha pungufu. Sheria ya madini ya 2018 ikagawa mrabaha: nusu kwa taifa, robo kwa mkoa, asilimia 15 kwa serikali ya mtaa palipo na mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Mitaa yenye mgodi imeanza kuona fedha. Wavuvi wa mji wa Kilwa, ule wa upande wa Kongo, na wa Pweto wamebaki wakitegemea kama mgodi uko karibu nao au la. Miaka ya 2000 shaba ya Dikulushi, upande huo wa ziwa, ilivushwa kwa majahazi ya injini mpaka Nchelenge, ikapakiwa malori kwenda kusini. Mzigo ulikanyaga ardhi ya wilaya na barabara zake, na mgawo wowote unaofuata mahali pa mgodi ungeiruka Nchelenge kana kwamba haipo njiani.

Kenya ilichukua njia nyingine. Waraka Na. 10 wa mwaka 1965 ulisema fedha ziwekwe penye ardhi nzuri na mvua, zizae, ndipo wengine wafaidike. Kaskazini na sehemu za Pwani zilingoja miaka 45. Katiba ya 2010 ikaamuru kaunti zipate si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, zigawanywe kwa fomula inayotazama idadi ya watu, umaskini na ukubwa wa eneo, na ukawekwa mfuko wa usawazishaji wa asilimia 0.5 kwa maeneo yaliyoachwa nyuma. Mwaka 2020 pendekezo la fomula mpya lilizipunguzia fedha kaunti kama Mandera, Wajir na za Pwani, na Seneti ikakwama mpaka Septemba, kaunti zikikosa fedha. Ugomvi ule ulikuwa mkali, na mimi nauhesabu kuwa afya: ulifanyika ndani ya bunge, mbele ya kamera, kwa tarakimu zilizochapishwa, na kila Mkenya aliweza kutaja kaunti yake inapata nini.

Mtwara, Tanzania, mwaka 2013, hakukuwa na tarakimu kama hizo mikononi mwa watu. Walisikia gesi itapita kwa bomba kwenda Dar es Salaam, hawakuelezwa vya kutosha watabaki na nini, na mitaa ikawaka moto. Hesabu isipowekwa wazi, uvumi huiandika.

Kipimo cha haki

Sasa niseme lile ambalo pengine wenzangu wa Luapula hawatalipenda. Hata tukiziba mashimo yote ya upande wa mapato, inawezekana kabisa mwambao ukaonekana umepokea zaidi ya ulivyolipa. Watu maskini wakilipa kwa haki hulipa kidogo. Tukijenga madai yetu juu ya msingi wa "turudishieni tulichotoa", siku hesabu itakapokamilika tutakuwa tumejifunga wenyewe, na migodi itatuambia tuchukue chetu kidogo tuondoke.

Tuna aina mbili za vyama mitaani kwetu. Upatu, ambao Zambia huitwa chilimba, unampa kila mtu kwa zamu kiasi kile kile alichochangia. Chama cha kufa na kuzikana kinampa aliyefiwa, na hakuna anayelalamika kwamba yeye mwaka huu hakufiwa. Dola ni chama cha namna ya pili. Mtoto wa Kilwa mwenye malaria hana haki ya dawa kwa sababu baba yake alilipa VAT ya kutosha. Ana haki kwa sababu ni raia, na dawa yake ni sehemu ya maana ya kuwa na nchi moja.

Iko sababu moja tu inayokubalika ya kumpa mtu zaidi kwa kuwa mali imetoka kwake, nayo ni madhara. Watu wa Kabwe wanaoishi na sumu ya risasi iliyoachwa na mgodi, na wakulima ambao maji yao yamechafuliwa na mabaki ya shaba, wanastahili fidia na usafi kabla ya mgawo wowote. Kwa sababu hiyo hiyo mwambao unaofunga uvuvi wake miezi mitatu unastahili kufidiwa. Ni deni, na deni hulipwa kwa anayedai, awe tajiri au maskini.

Tudai nini

Madai yanayotoka hapa ni machache na yanawezekana.

Kwanza, serikali ichapishe kila mwaka daftari la kila wilaya lenye pande mbili: makadirio ya kodi waliyoibeba wakazi, yakikokotolewa kutoka tafiti za matumizi ya kaya ambazo Wakala wa Takwimu wa Zambia unazifanya tayari, na orodha ya huduma zilizofika, zikitajwa kwa idadi ya wauguzi waliopo kazini, siku ambazo dawa za malaria zilikuwepo, na vituo vya maji vinavyofanya kazi. Daftari hilo libandikwe sokoni Kashikishi kwa Chibemba.

Pili, Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo ubaki na kiwango cha chini kilicho sawa kwa wote, na juu yake iongezwe nyongeza ya umaskini, umbali na maji. Boti ya wagonjwa ya visiwani isishindane na dawati la shule katika mgao ule ule.

Tatu, sehemu iliyotajwa ya ushuru wa samaki irudi palepale ulipokusanywa, kwenye vyoo, vichanja vya kuanikia, barafu na taa za mwaloni, na hesabu yake isomwe mbele ya waliolipa.

Nne, miezi ya kufunga uvuvi iwe miezi ya kazi za umma zenye ujira: kuchimba mitaro kabla ya kipindupindu, kukarabati barabara za ndani, kupanda miti. Na Zambia na Kongo zifunge ziwa kwa tarehe moja, kwa sababu kujinyima kwa upande mmoja kunamlisha wa upande wa pili.

Na dai la tano linatuhusu sisi. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 2019 imetupa kamati za maendeleo ya kata. Kamati isiyo na mvuvi, isiyo na mwanamke muuza chisense, isiyo na mtu wa kisiwani, itaandika maombi ya wenye ofisi. Tuingie humo. Tudai risiti ya kila ushuru, hata wa kwacha mbili, kwa kuwa ushuru usio na risiti hauwezi kuulizwa ulikokwenda.

Tarehe ya bajeti itakapofika tena, atasimama mtu aseme Luapula inabebwa. Msimkasirikie. Mwombeni awaonyeshe daftari lake, mumwulize kodi ya petroli ya mvuvi ameiandika ukurasa gani, na muuguzi wa Kilwa ameripoti kazini siku ngapi. Akiwa na majibu, tutakuwa tumepata mtu wa kujadiliana naye. Akikosa, basi kazi ya kuandika daftari hilo ianze, na ianze na sisi tuliomo humu.